Kopo la Shangazi na Kilo Zangu: Je, Kubadili Kipimo Ni Hesabu Tu?

Mwaka juzi tulifiwa na baba mdogo, hapa Kamembe. Shangazi yangu, dada yake marehemu, ndiye aliyesimamia jiko la matanga, kama anavyosimamia jiko la karibu kila shughuli ya ukoo wetu. Jioni ya kuamkia siku ya maziko aliniita akaniambia, "Mwanangu, kesho watu watafika mia mbili. Tuletee mchele makopo thelathini." Kopo alilolitaja ni la maziwa ya unga, kuukuu, lakini lebo yake bado inasomeka. Amekuwa akipimia mchele kwa kopo hilo tangu nikiwa mdogo. Dukani, hata hivyo, mchele huuzwa kwa kilo. Nililigeuza kopo nikasoma: gramu 400. Nikatoa simu, nikazidisha 30 kwa 400, nikapata gramu 12,000. Nikaenda nikanunua kilo 12.

Niliporudi, shangazi aliuinua mfuko akasema ni mwepesi. Akachukua kopo lake akaanza kupima. Mchele ulikwisha hata kopo la kumi na sita halijajaa. Akasema, "Huu hautoshi." Nikamwonyesha lebo, nikamwonyesha simu, nikamweleza kwamba yeye hulijaza kopo kupita kiasi ndiyo maana hesabu yake haikubaliani na yangu. Waliokuwapo wakaniunga mkono, kwani mimi ndiye msomi wa nyumba. Shangazi akanyamaza.

Kesho yake wali ulikwisha kabla nusu ya watu hawajala. Ndugu zetu waliovuka kutoka Bukavu kuja kuzika walirudi kuuwahi mpaka bila kutia kitu tumboni. Jioni maneno yakaanza: kwamba shangazi amebania chakula kwenye matanga ya ndugu yake wa tumbo moja, kwamba michango ya watu imeishia mfukoni mwake. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale. Nilijua ni nani aliyenunua kilo 12. Sikusema neno.

Makala haya yanauliza swali lililoanzia kwenye mfuko ule: mtu anapobadili kipimo cha ujazo kuwa kipimo cha uzito, je, anafanya hesabu tu, au anafanya jambo ambalo lina haki na dhuluma ndani yake? Wenzangu wengi watajibu haraka kwamba ni hesabu, na kwamba mimi nilikosea hesabu. Nitajaribu kuonyesha kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, na kwamba kosa langu lilikuwa mahali pengine.

Tuanze na mambo yanayoweza kupimwa. Baada ya matanga nililichukua kopo lile nikaenda nalo kwa jirani mwenye mizani ya jikoni. Nililijaza maji mpaka mdomoni: yakawa gramu 870, yaani kopo lina ujazo wa lita 0.87. Nikalijaza mchele mrefu kwa kuumimina polepole na kuukata kwa kisu usawa wa mdomo: gramu 690. Nikaligonga kopo mezani mara kadhaa, mchele ukashuka, nikajazia: gramu 740. Kisha nikalijaza kama shangazi anavyolijaza, kwa kilele kinachosimama juu ya mdomo: gramu 760 bila kuligonga, na gramu 815 nilipoligonga. Nikajaribu mchele wa Bugarama, ule mfupi na mnene unaoitwa kigori, kwa kuukata usawa wa mdomo: gramu 715. Kopo ni lile lile, jina la chakula ni lile lile, na uzito ni wa namna tano. Hakuna hata mmoja uliokuwa gramu 400.

Lebo basi ilidanganya? Hapana. Lebo ilisema kweli kuhusu maziwa ya unga. Maziwa ya unga ni mepesi kwa sababu kati ya chembe zake mna hewa nyingi. Kopo linalobeba gramu 400 za unga ule hubeba karibu mara mbili ya uzito huo likitiwa mchele. Mimi nilichukua ukweli wa kitu kimoja nikaubandika juu ya kitu kingine. Kuzidisha kwangu kulikuwa sawasawa. Thelathini mara mia nne ni elfu kumi na mbili, jana, leo na kesho. Lakini makopo thelathini ya shangazi, kwa namna anavyoyajaza, yalikuwa karibu kilo 23.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna mwanga ambao ungenisaidia laiti ningekumbuka kuutumia. Kiswahili kinatofautisha mpunga, mchele na wali. Katika Kinyarwanda mara nyingi neno *umuceri* latosha shambani, dukani na sahanini. Kopo la mpunga ni jepesi kuliko kopo la mchele, kwa kuwa makapi huchukua nafasi bila kuongeza uzito mkubwa. Na kopo moja la mchele likipikwa hutoa makopo kadhaa ya wali, kwa kuwa mchele umekunywa maji. Lugha yenyewe inatuonya kwamba kabla ya kuuliza "kiasi gani?" ni lazima tuulize "cha nini, nacho kiko katika hali gani?" Hakuna namba moja inayogeuza lita kuwa kilo. Ipo namba ya mchele huu, uliojazwa hivi, katika chombo hiki.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya kilo kufika kwao. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na vyote ni vipimo vya ujazo. Lakini hawakuishia kusema "kibaba". Walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa kwa kilele, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa usawa wa mdomo. Maneno hayo mawili ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mtu aliyeazima vibaba viwili vya tele akarudisha viwili vya mfuto hakulipa deni lake, ingawa kwa hesabu ya vidole mbili ni mbili. Methali yetu ya haba na haba huwafundisha watoto subira. Kwa mtu mzima inaongeza swali: kibaba kinachojazwa ni cha tele au cha mfuto?

Swali hilo lina historia ndefu duniani. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu vipimo na watu, alieleza jinsi wakulima wa Ulaya walivyogombana na mabwana wao kwa karne nyingi, si juu ya idadi ya vipimo vya ngano waliyodaiwa, bali juu ya ukubwa wa chombo, kujazwa kwa kilele au kukatwa, na hata kimo ambacho nafaka ilimiminwa kutoka, kwa sababu nafaka inayomiminwa kutoka juu hujipanga kwa kubanana. Mwaka 1789, Wafaransa walipoorodhesha malalamiko yao kwa mfalme, moja lililojirudia lilikuwa kuomba kipimo kimoja kwa wote. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ikaleta gramu, na inafaa tukumbuke ilivyoelezwa: uzito wa maji safi yanayojaza mchemraba wa sentimita moja. Yaani uzito ulizaliwa kutokana na ujazo, kwa kupitia maji. Hapo ndipo lilipotoka zoea la watu wengi kudhani kwamba lita moja ni kilo moja. Ni kweli kwa maji. Kwa mchele lita moja ni kama gramu mia nane, na kwa maziwa ya unga haifiki hata mia tano.

Kutokana na historia hiyo mtu anaweza kuhitimisha kwamba kilo ni haki na kopo ni dhuluma. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuipuuza. Mizani haijali kilele. Haijali kama muuzaji amegonga chombo au hakukigonga. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa Kamembe na mwingine wa Kigali, wanaweza kuafikiana juu ya kilo kumi bila kuonana. Ndiyo maana serikali huhakiki mizani na kuiwekea alama, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa kila kopo, kikapu na mironko iliyomo sokoni. Panapo watu wasiojuana, uzito ni kinga ya mnyonge.

Hata hivyo kinga hiyo si chombo chenyewe. Kila aliyekulia karibu na soko anajua kwamba kopo linaweza kubonyezwa kitako ili libebe kidogo. Na anajua pia kwamba mshale wa mizani unaweza kuachwa uanzie juu ya sifuri, na kwamba sahani ya mizani inaweza kupimwa pamoja na mchele. Vitabu vya dini havikudanganyika katika jambo hili. Nabii Amosi, katika sura ya nane, anawakemea wafanyabiashara waliopunguza efa na kuongeza shekeli: efa ni kipimo cha ujazo cha nafaka waliyoiuza, na shekeli ni uzito wa fedha waliyoipokea. Waliiba kwa vyote viwili kwa pamoja. Kurani nayo ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao, yaani Al-Mutaffifin, na inawalaumu wale wanaojitimizia kipimo wanapopokea na kukipunguza wanapowapimia au kuwawekea wengine mizani. Lawama haikuelekezwa kwa kopo wala kwa mizani. Imeelekezwa kwa mtu mwenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea.

Hapa Kamembe swali hili linavuka mpaka kila siku. Wako akina mama wanaonunua mchele kwa kilo upande huu, wakavuka mto Rusizi, wakauza Bukavu kwa kopo. Faida yao, au sehemu yake, imo katika ule ugeuzaji wenyewe: mfuko wa kilo 25 unatoa makopo mangapi, na kila kopo ni faranga ngapi. Je, wanapunja? Aristotle, katika kitabu cha tano cha *Maadili ya Nikomako*, aligusia kwamba vipimo vya divai na nafaka havilingani kila mahali, kwamba huwa vikubwa panaponunuliwa kwa jumla na vidogo panapouzwa kwa rejareja, na alilitumia jambo hilo kama mfano wa haki inayotokana na mapatano ya watu. Nadhani mfano wake unatufaa. Mama anayeuza kwa kopo lililo wazi mbele ya mnunuzi, kopo ambalo majirani zake wote wanalitumia, hampunji mtu hata kama kopo hilo halifiki kilo moja, kwa sababu hakusema ni kilo. Mnunuzi analiona, analishika, anaweza kudai kilele, na mara nyingi hupewa nyongeza, matabishi kama wasemavyo upande ule. Akilibonyeza kopo kitako kwa siri, hapo amepunja, hata kama makopo yake yangali yakiitwa makopo. Tofauti iko katika kile ambacho mwenzake anaweza kukiona na kukihoji.

Kutokana na hayo nasema hivi: kipimo cha haki ni kile ambacho anayepokea anaweza kukikagua. Sokoni kati ya wageni, mizani yenye alama inaweza kutimiza sharti hilo. Jikoni, sharti hilo hutimizwa na kopo, na sababu yake si ushamba.

Tazama mpishi anavyofanya kazi. Shangazi hapiki kwa kilo kwa sababu sufuria haiulizi kilo. Sufuria inauliza uwiano wa mchele na maji. Akitia makopo thelathini ya mchele, anajua atie makopo mangapi ya maji, kwa kopo lile lile. Ukimpa kopo kubwa zaidi au dogo zaidi, uwiano hauharibiki, maana chombo kimoja kimepima vitu vyote viwili. Hahitaji kujua kopo lina lita ngapi. Mchele ukiwa mpya na una unyevu, atapunguza maji kidogo. Ukiwa mkavu wa siku nyingi, ataongeza. Haya ni maarifa kamili, yamejaribiwa katika arusi na matanga kwa miaka mingi, na yameandikwa mahali ambapo mimi sikuwahi kupasoma: katika kumbukumbu yake ya watu wangapi walishiba kwa makopo mangapi. Makopo thelathini kwa watu mia mbili hayakuwa makisio. Ilikuwa kanuni.

Sasa narudi kwenye pingamizi la wenzangu. Watasema: yote haya ni kweli, lakini kosa lako ni la kutojua, na kutojua si dhambi. Hukukusudia kumnyima mtu chakula. Lebo ilikupoteza. Mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo asilolijua.

Nakubali nusu ya pingamizi hili. Kama ningekuwa peke yangu, nikasoma lebo, nikakosea, ningeitwa mjinga na mambo yangeishia hapo. Lakini sikuwa peke yangu. Shangazi aliuinua mfuko akasema ni mwepesi. Akaupima mbele yangu kwa kopo lile lile ambalo nilidai kulijua, na makopo yakawa kumi na tano na ushee badala ya thelathini. Huo ulikuwa ushahidi, tena bora kuliko wangu, kwa kuwa yeye alipima mchele na mimi nilisoma maandishi. Ningeweza kulipeleka kopo moja la mchele kwenye mizani ya duka. Ni kazi ya dakika tano. Sikwenda. Niliichukua tofauti ya karibu nusu, ambayo mwanafunzi yeyote wa sayansi angeiona kuwa ishara ya kosa, nikaieleza kwa kusema kwamba shangazi hajui kujaza kopo. Kutojua kunasamehewa pale ambapo mtu hakuwa na njia ya kujua. Mimi nilikuwa na njia, nayo ilikuwa imesimama mbele yangu ikisema, "Huu hautoshi."

Kwa nini sikumsikiliza? Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alieleza dhuluma ya aina hii: mtu anayejua jambo hasadikiwi, si kwa sababu maneno yake ni dhaifu, bali kwa sababu ya mtazamo tulio nao juu ya watu kama yeye. Dhuluma hiyo humdhuru kama mjuzi. Nikijipima kwa maneno hayo naona nilivyofanya. Shangazi hakusoma sana. Mimi nina simu na namba. Kama maneno yale yale, "huu hautoshi", yangesemwa na mwalimu wangu wa hisabati, ningerudi kwenye hesabu mara moja. Kwa hiyo nilikuwa na vipimo viwili vya kupimia maneno ya watu: cha tele kwa msomi, cha mfuto kwa mpishi. Na wale waliokuwapo walitumia vipimo vile vile vyangu. Kesho yake lawama ilipomwangukia yeye, haikuwa ajali tu. Ilikwenda kule kule ambako imani ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Labda mtu atauliza: tufanye nini basi, maana kugeuza vipimo hatuwezi kukuepuka? Duka linauza kilo, jiko linapima kopo, mapishi ya kwenye intaneti yanataja vikombe na gramu, na kila siku mmoja wetu ametumwa kati ya pande hizo. Nafikiri mfano mzuri uko karibu nasi, katika zaka ya fitri. Kila mwisho wa Ramadhani, Waislamu wa Kamembe, kama wenzao kote Afrika Mashariki, hutoa chakula kwa maskini, kwa kila mtu wa nyumba. Kiasi kilichowekwa tangu mwanzo ni saa moja, ambayo ni mudi nne, na Waswahili wengi waliilinganisha na pishi. Hiki ni kipimo cha ujazo. Leo watu hununua mchele kwa kilo, kwa hiyo ni lazima kugeuza, na wanazuoni hawakufikia namba moja: wako wanaotaja kilo mbili na nusu, wengine hutaja zaidi kidogo, wengine hufika kilo tatu. Wasiojua huicheka tofauti hii. Lakini tumekwisha kuona kwa kopo moja kwamba tofauti hiyo imo katika nafaka yenyewe. Ngano, tende na mchele, vikijaza chombo kimoja, havilingani uzito.

La kujifunza hapa ni namna wengi wanavyoishi na shaka hiyo. Husema: toa zaidi kidogo, ili uwe na uhakika kwamba haki ya maskini imetimia. Hii ni kanuni ya kimaadili na inafaa nje ya dini pia. Asiyekuwa na uhakika wa ugeuzaji wake aelekeze kosa lake upande wake mwenyewe, si upande wa anayepokea. Kama ningenunua mchele uliozidi, hasara ingekuwa mchele uliobaki, ambao ungeliwa keshokutwa. Nilipopunguza, hasara ilikuwa njaa ya wageni na jina la shangazi. Makosa mawili yanaweza kuwa sawa kwa gramu na yasiwe sawa kabisa kwa haki.

Kwa hiyo naona anayegeuza kipimo kwa niaba ya wengine ana wajibu wa aina tatu. Wa kwanza ni kupima kitu chenyewe badala ya kusoma namba iliyoandikiwa kitu kingine: kopo moja juu ya mizani, kabla ya kuzidisha kwa thelathini. Wa pili ni kumuuliza mwenye kipimo jinsi anavyokitumia, maana tele na mfuto haviandikwi kwenye lebo. Wa tatu ni huu wa kuelekeza shaka upande wake mwenyewe. Hesabu huja baada ya hayo matatu, nayo ndiyo rahisi kuliko yote.

Umebaki wajibu wa nne, ambao haumhusu anayegeuza bali aliyekwisha kukosea. Nilikaa miezi miwili na matokeo ya mizani ya jirani katika daftari kabla ya kwenda kwa shangazi. Nilimsomea namba zote. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na hao waliosema nimekula michango, umewaambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi hukuniletea kitu. Mimi nilijua tangu siku ile."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempelekea ukweli mtu pekee ambaye hakuuhitaji. Katika kikao cha ukoo kilichofuata nilisimama nikaeleza: kopo, lebo, kilo 12, na ukimya wangu. Baadhi walicheka, baadhi walisema yamepita. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka Bukavu siku ya maziko akarudi na njaa alimwomba shangazi radhi mbele ya watu kwa aliyoyasema. Sijui kama wote waliamini. Lakini shughuli iliyofuata, nilipotumwa mchele, nilikwenda dukani na kopo la shangazi mkononi. Muuzaji aliliweka juu ya mizani tupu kwanza, kisha akalijaza kwa kilele kama nilivyomwelekeza, tukasoma pamoja. Ndipo nikazidisha.